Fizikia bila kutafuniwa: maswali ambayo walimu na wazazi wa Goma huniuliza mara kwa mara

Ninafundisha fizikia kwenye sekondari hapa Goma. Zamani nilikuwa naandika ubao mzima, wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunaagana. Tabia hiyo nimekuwa nikiiacha kidogo kidogo, na kila ninapoieleza habari hii kwenye vikao vya walimu au kwa mzazi niliyekutana naye njiani, maswali yanayorudi ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo nilipopata taabu mwenyewe.

Njia hiyo ni ipi hasa?

Mwanafunzi anatabiri, anaandika utabiri wake pamoja na sababu, tunatazama kinachotokea, kisha tunabishana mpaka maelezo yapatikane. Mwalimu ndiye anayechagua swali na vifaa, na anajua somo linaelekea wapi. Kitu kimoja tu anajizuia: hatoi jibu kabla mwanafunzi hajaweka lake mezani.

Hatumwachi mtoto chini ya mti wa avokado agundue sheria za Newton peke yake. Zilichukua wanadamu karne nyingi, na sisi tuna saa chache kwa wiki.

Kwa nini nisieleze tu? Mimi naeleza vizuri.

Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Sheria ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda vilevile mpaka nguvu fulani ikibadilishe, nimeieleza mara nyingi, kwa Kifaransa safi, na darasa likaiimba kama kwaya. Kisha siku moja nikachora ubaoni chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kusukuma kwa mguu. Barabara ni tambarare, mwenyewe ameshasukuma mara ya mwisho, ameweka mguu juu ya ubao, chukudu inateleza tu. Nikawaambia wachore mishale ya nguvu zote zinazoigusa sasa hivi.

Uzito kwenda chini, wakachora. Ardhi inayobeba, wakachora. Msuguano kwenda nyuma, sawa. Halafu karibu darasa zima wakachora mshale mnene kwenda mbele.

“Huu wa mbele, nani anasukuma?”

“Mwenye chukudu, Prof.”

“Mguu wake uko wapi?”

“Juu ya ubao.”

“Basi anasukuma kwa kitu gani?”

Kimya. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akasema: “Ile nguvu ya mwanzo ingali ndani ya chukudu, Prof. Inaisha polepole, ndiyo maana mwishowe inasimama.”

Mdomo uliniwasha nimsahihishe. Lakini wazo lile si la kijinga hata kidogo. Jean Buridan, mwanachuoni mkubwa wa Paris katika karne ya 14, alifundisha jambo linalokaribiana nalo sana: kitu kinachorushwa hubeba msukumo ndani yake. Binti yetu alikuwa amefika Paris bila pasipoti. Mtu mwenye wazo linaloeleza vizuri kila anachokiona mtaani hawezi kuliacha kwa sababu mwalimu ameandika sentensi ubaoni. Atanakili sentensi, atapata pointi zake, na wazo lake atarudi nalo nyumbani.

Kesho yake mwanafunzi mmoja akaleta chukudu ya mjomba wake. Tukaisukuma, kwa nguvu ileile kadiri tulivyoweza, kwanza uani juu ya mawe ya lava: hatua 4, ikakwama. Barazani penye saruji: hatua 11. Kwenye lami nje ya geti: tulihesabu mpaka 20 na ilikuwa bado inakwenda. Nikauliza: kama nguvu iliyoingia ndani yake ni moja, kwa nini hapa iliisha upesi na pale ikachelewa?

Yule msichana alikaa muda, akasema: “Basi haiishi yenyewe. Barabara ndiyo inayoichukua.” Mvulana wa pembeni akadakia: “Na kama hakuna barabara ya kuichukua?” Hapo ndipo Galileo alipopita, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1600, akitumia mipira na mbao zilizoinama. Tulimaliza vipindi viwili kamili. Ule mshale wa mbele kuna waliochelewa kuufuta, na wengine waliuchora tena baada ya miezi miwili, lakini sasa wenzao waliuliza wenyewe: “Nani anasukuma?”

Swali zuri likoje?

Ni lile ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti na kila mmoja akatetea jibu lake. “Sheria ya Ohm inasemaje?” halifai, hapo unapima kumbukumbu. “Mmeelewa?” ni baya zaidi ya yote. Darasa zima litajibu “Ndiyooo” hata kama umefundisha kwa Kichina.

Ukishauliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili miaka ya 1970: walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kujijibu au kuhamia mwanafunzi mwingine, na wakijizuia sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na wanafunzi wanaokaa kimya siku zote wanaanza kusema. Sekunde 3 mbele ya darasa linalokukodolea macho ni ndefu kuliko foleni ya maji. Mimi huhesabu vidole vyangu nyuma ya mgongo.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60, na maabara hatuna. Hii si ya shule za matajiri?

Eric Mazur, profesa wa Harvard, alianza mbinu yake mwaka 1991 katika kumbi zenye wanafunzi wengi kuliko wako. Anatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anapiga kura peke yake, kisha anageuka kumshawishi jirani aliyechagua tofauti, kisha wanapiga kura upya. Wao baadaye walinunua vifaa vya elektroniki. Sisi tunatumia vidole vilivyobanwa kifuani ili jirani asichungulie: kidole 1 ni jibu A, 2 ni B. Kama karibu wote wamepata, songa mbele. Kama karibu wote wamekosa, majadiliano hayatasaidia, rudi nyuma utafute swali jepesi zaidi. Palipo na mgawanyiko ndipo unapowaachia wabishane, na ugomvi unakuwa mtamu.

Kuhusu maabara, Goma ni maabara. Funga jiwe kwenye kamba, ulining'inize kwenye boriti. Nani atakuwa mwepesi kwenda na kurudi, jiwe dogo au kubwa? Karibu kila mtu atasema kubwa, na wachache watasema dogo kwa sababu ni jepesi. Kamba ya mita 1, bembea 20, saa ya simu: karibu sekunde 40 kwa mawe yote mawili. Watadai umekosea kuhesabu. Waache wahesabu wao. Kisha kata kamba mpaka robo mita, waulize itakuwaje. Watakaosema robo ya muda watashangaa kuona nusu, yaani sekunde 20, na kutoka hapo mzizi wa mraba unaingia darasani kwa miguu yake.

Jiwe letu la lava nalo lina fumbo lake: limejaa matundu. Ukitaka kujua ujazo wake kwa kulitumbukiza majini, maji yanaingia kwenye matundu. Je, matundu ni sehemu ya jiwe? Wanafunzi wangu wamegawanyika hapo mara nyingi, na mmoja alilifunga kwa mfuko wa plastiki ili kumaliza mabishano.

Umeme nitaufundishaje hivyo? Hauonekani.

Anza na kitendawili hiki: jiwe moja la tochi (betri ndogo), waya mmoja, balbu moja ndogo ya tochi ya zamani. Iwashe. Usiongeze neno. Lillian McDermott na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walijenga somo zima la umeme kuanzia zoezi kama hili, na watafiti wameona hata wahitimu wa vyuo vikuu Marekani wakishindwa. Kwa hiyo mwalimu, lijaribu nyumbani kwanza, mlango umefungwa. Mimi nilishindwa mara mbili.

Wengi huunganisha kichwa cha jiwe na ncha ya balbu kwa waya, wakingoja iwake, kwa sababu picha waliyo nayo ni ya bomba: umeme unatoka kwenye jiwe, unafika kwenye balbu, unaliwa, basi. Mpaka waone kwamba balbu ina milango miwili, ncha na ule ubavu wa chuma, na kwamba njia lazima irudi mahali ilipotoka, neno “mzunguko” halina maana kwao.

Kisha ongeza balbu ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza, moja nyuma ya nyingine. Ipi itawaka zaidi? Hapa usikubali mtu akwepe kutabiri. Jibu litakalotawala: ya kwanza, kwa sababu inakula kwanza na ya pili inapata mabaki, kama sahani moja ya fufu kwa ndugu wawili. Zinawaka sawasawa, na zote hafifu. Atakayesema balbu moja ni mbovu, azibadilishane nafasi.

Hapa kwetu kuna tatizo la ziada: neno *courant*. Courant imeenda, courant imerudi, courant ni ndogo leo, courant imemrusha fundi. Neno moja linabeba mkondo, volti, nishati na hasira zetu zote za usiku. Usiwakataze kulitumia. Kila linapotokea, uliza: “Ni kile kinachopita, au ni kile kinachosukuma kipite, au ni kile kinachotumika?” Baada ya wiki mbili watakuwa wakisahihishana.

Onyo la vifaa. Balbu hizo za waya mwembamba zimekuwa adimu, tochi nyingi sokoni ni LED, na LED nyeupe haiwaki kwa jiwe moja la volti 1.5. Ukikosa, tafuta kule Birere balbu za indiketa za pikipiki, za volti 12, na utumie betri ya pikipiki. Lakini betri hiyo ishikwe na mwalimu pekee: waya ukigusa ncha zote mbili bila balbu katikati unaweza kuwa mwekundu mkononi mwa mtoto.

Nitumie Kifaransa au Kiswahili?

Mtihani ni wa Kifaransa, hilo halina mjadala. Lakini mtoto akiwaza kwa nini kitu kinaanguka, anawaza kwa lugha aliyoangukia nayo. Ninachofanya: utabiri, ubishi na maelezo ya kwanza ni kwa Kiswahili chetu, pamoja na vipande vyote vya Kifaransa vinavyojileta. Kitu kikishaeleweka, napanda ubaoni na kutoa jina lake la Kifaransa, wanaliandika kwa rangi nyekundu. Arnold Arons, mwalimu wa walimu wa fizikia kule Marekani, alisisitiza jambo hili maisha yake yote: wazo litangulie, jina lifuate.

Shida ni kwamba Kiswahili cha kila siku kina mitego, na ni heri uijue. Neno *nguvu* ndilo baya kuliko yote. Mtu ana nguvu, motokaa ina nguvu, umeme wa nguvu, chakula cha kutia nguvu. Kwa Kifaransa hapo kuna *force*, *puissance* na *énergie*, vitu vitatu tofauti vyenye vipimo vitatu tofauti. Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinatenganisha: *kani*, *nguvu*, *nishati*. Nimejaribu kuleta *kani* darasani, wakacheka mwaka mzima, lakini walioshika neno hilo hawakuchanganya tena. Kumbuka mshale wa mbele wa chukudu: kile ambacho yule binti alikiita nguvu iliyo ndani hakikuwa upuuzi mtupu. Chukudu inayokwenda kweli ina kitu ambacho chukudu iliyosimama haina. Ila kitu hicho si kani. Alikuwa ameona jambo la kweli na kulipa jina la jirani yake.

*Uzito* ni mtego wa pili. Kilo 3 za viazi sokoni ni *masse*. Ule mvuto unaolemea mkono ni *poids*. Waulize: mizani ya sahani mbili na mizani ya springi tukizipeleka mwezini, ipi itampunja muuzaji? Kwa *baridi* nitakuwa mfupi: tunasema baridi inaingia, kana kwamba ni mgeni. Asubuhi waguse nguzo ya chuma na mlango wa mbao, watabiri kipimajoto kitasema nini, kisha wapime.

Jaribio likipingana na kitabu, si nitaaibika?

Niliwahi kuaibika kwa njia mbaya zaidi. Miaka ya mwanzo, katika shule niliyokuwa, tulichemsha maji na kipimajoto kikagoma kwenye 95. Nikawaambia darasa waandike 100, kwa sababu kitabu kinasema 100. Waliandika. Bado najisikia vibaya.

Miaka ilipopita nikarudia jaribio hilo, safari hii kwa vipimajoto vitatu vya kuazima. Maji yanatokota, mvuke umejaa, na vyote vitatu viko karibu na 95.

“Prof, termometre iko nadanganya.”

“Zote tatu?”

“Basi maji hayajachemka vizuri. Ongeza makala.”

Tukaongeza makala, yaani mkaa. Maji yakatokota kwa fujo, yakapungua, na kipimajoto hakikupanda hata kidogo. Hilo peke yake lilikuwa somo, maana wengi wao waliamini kwamba moto mkali hufanya maji yanayochemka yawe ya moto zaidi. Kisha nikauliza kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi wapi. Walitaja Ulaya, wakataja ubora wa maji, wakataja chumvi ya ziwa. Nikawapa kipande kimoja tu: ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya mtu wa Muanda, pale pwani. Inatukandamiza kwa takriban asilimia 85 ya kiasi cha kule. Wakawa na kazi ya kuunganisha hewa inayokandamiza na kiputo kinachojaribu kufunguka ndani ya maji.

Aliyeunganisha si yule wa kwanza darasani. Ni mvulana ambaye mama yake anapika chakula cha kuuza. Akasema kwa sauti, karibu kwa uchungu: “Kumbe ndiyo maana maharagwe yanakula makala hivi!” Na kwa kuwa aliijua sufuria ya presha ya jirani yao, akaeleza mwenyewe kwa nini ile inaivisha upesi: imefungia mvuke, mvuke unakandamiza maji, maji yanachelewa kuchemka, joto linapanda. Niliwaachia swali la nyumbani, maji yangechemka kwa nyuzi ngapi juu kabisa ya Nyiragongo, kwenye mita 3,470. Ni chini ya 90. Mmoja aliandika kwamba pale hakuna haja ya kubeba makala, na sikuweza kumnyima pointi.

Mwanafunzi akisema jambo lisilo sahihi, ninyamaze tu?

Usinyamaze, muulize angeona nini kama angekuwa sahihi. Na kabla ya kuamua kwamba amekosea, kumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena na akageuzwa kichekesho cha darasa. Mpaka Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akauliza mbele ya wote, wakacheka tena, lakini mgeni akaahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Kuna wanasayansi wanaobisha mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Kwangu hilo linaifanya hadithi iwe nzuri zaidi darasani: jibu la “umechanganyikiwa” lingefunga mlango ambao bado una kitu ndani.

Naweza kufundisha mazuku, ile gesi ya volkano inayojikusanya mabondeni, kwa njia hii?

Unaweza, na unapaswa, lakini kamwe usiwapeleke watoto kwenye mazuku kufanya jaribio. Hakuna cha utabiri pale. Mahali hapo panaua.

Darasani tumia siki na soda ya mandazi ndani ya jagi. Povu likitulia, jagi linaonekana tupu. Washa mishumaa mitatu ya urefu tofauti ndani ya beseni, kisha uimimine ile “hewa tupu” polepole kama unayemimina maji, ila povu lenyewe lisimwagike. Kabla ya kumimina uliza: upi utazimika kwanza, au hakuna utakaozimika? Wengi husema mrefu, kwa sababu uko karibu na jagi. Mfupi ndio unaotangulia. Kabonidioksaidi ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, hivyo inakaa chini na kujaa kama maji. Baada ya hapo sikuhitaji kuwaeleza kwa nini kwenye mabonde ya lava mbuzi na watoto hufa pale ambapo mtu mzima aliyesimama amepita salama. Walinieleza wao, na mmoja alisema atamkataza mdogo wake kuinama kuokota mpira.

Kutoka hapo utavutwa mpaka ziwani, jitayarishe. Kivu ina kina cha karibu mita 480, na chini kabisa zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidioksaidi na 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu, kama gesi kwenye chupa ya Fanta kabla ya kufunguliwa. Watauliza kuhusu Nyos, Kameruni, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya ziwa iliua zaidi ya watu 1,700. Usiwafiche. Waambie pia kwamba upande wa Rwanda methani hiyo inavutwa na kugeuzwa umeme. Kisha fungua chupa mbili za Fanta, moja uliyoitikisa, na uwaulize kipi kingeweza kulitikisa ziwa.

Kuna ushahidi kwamba inafanya kazi, au ni mtindo wa Wazungu?

Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wa Jimbo la Arizona walichapisha mtihani wa kuchagua majibu kuhusu nguvu na mwendo, usio na hesabu hata moja, ambamo majibu yasiyo sahihi yametoka vinywani mwa wanafunzi wenyewe. Mshale wetu wa mbele umo. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 zenye wanafunzi 6,542. Palipo na mihadhara ya kawaida, darasa lilijifunza kwa wastani asilimia 23 ya kile ambacho mwanzoni lilikuwa halikijui. Palipo na wanafunzi wanaotabiri, kujadili na kupata mrejesho papo hapo, asilimia 48. Hayo ni madarasa ya Marekani, yenye madawati ya kutosha. Sina sababu ya kuamini kwamba vichwa vyetu ni tofauti.

Wanafunzi wanalalamika: “Prof hafundishi, anauliza tu.”

Watalalamika. Utafiti uliochapishwa na watu wa Harvard mwaka 2019 ulikuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa kushiriki walijifunza zaidi, ila walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kuhangaika hakupendezi. Mimi huwaambia tangu wiki ya kwanza kwamba watachoka, na mwisho wa kila somo nampa mmoja chaki aandike maelezo tuliyofikia, darasa linanakili. Daftari likijaa, hata mzazi anatulia.

Na programu ndefu, inspekteri, Examen d'État?

Hutaweza kufanya hivi kwa kila sura. Mimi nachagua mada tano au sita kwa mwaka, zile ambazo mwanafunzi huja nazo tayari na wazo lake: mwendo, mkondo wa umeme, joto, kuelea, mwanga. Zilizobaki naeleza kama kawaida. Inspekteri anataka *fiche* ya maandalizi na *journal de classe* vilivyojazwa. Mjazie, na kwenye nafasi ya shughuli za mwanafunzi kwa mara ya kwanza utakuwa na kitu cha kweli cha kuandika. Examen d'État, yaani Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ni wa kuchagua majibu, na kura za vidole ni mazoezi yake ya kila siku.

Mimi ni mzazi, fizikia siijui. Nimsaidieje mtoto?

Mama, papa, kutoijua ni faida. Radi ikipiga, hesabuni pamoja sekunde kutoka mwanga mpaka mngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Mwulize kwa nini. Akijibu, mwulize amejuaje. Msikilize hadi mwisho.

Nianze na nini Jumatatu?

Kamba ya mita 1, mawe mawili, simu yenye chaji, na misumari miwili kwenye boriti iwapo prefe, yaani mkuu wa shule, atakubali. Nusu saa inatosha. Waandike utabiri kwa bic, isiwe penseli, kwa sababu watafuta. Na usilete jibu kwenye karatasi yako ya maandalizi mahali ambapo safu ya mbele wanaweza kulisoma kichwa chini miguu juu. Wangu waliwahi kulisoma.